Mguu wa Baba Mkwe Juu ya Tangi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu mahali nisipostahili. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani ambaye hajawahi kumuuma mtu, naogopa hata simu ikilia alfajiri. Na woga huo ndio ulionipatia kazi.

Tulikuwa watu watatu tulioiomba. Karakana iko Msasani, hapa Tukuyu, nyuma ya nyumba za kupanga, katika jengo lililokuwa ghala la ndizi zamani. Mwenyewe ni mtu wa Tanga aliyefanya kazi viwandani Dar es Salaam kwa miaka mingi. Anasema alikuja huku kwa kupenda baridi. Ukweli ni kwamba viwanda vya maziwa, vya chai na vya mafuta ya parachichi vipo huku, na hapakuwa na mtu wa kuving'arishia vyuma vyao. Siku ile alitusimamisha mbele ya tangi, akafunua kifuniko, akasema, "Sogeeni muone." Wanaume wawili wakasogea na kuinama kama watu wanaochungulia chungu cha maharage. Mimi nilirudi nyuma hatua tatu, nikauliza mlango wa kutokea uko wapi. Nikaajiriwa mimi.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema bosi. "Hapa kwangu kilio sikitaki."

Kazi yenyewe ni hivi. Kiwanda kinatuletea vifaa vyake vya stenlesi: koki, viungo vya mabomba, mapanga ya kukorogea, vichujio. Kwa macho vinaonekana laini, lakini uso wa chuma una vilima na mabonde madogo mno usiyoweza kuyaona, na maziwa hujificha humo yakachacha. Msasa hauvimalizi. Kwa hiyo sisi tunakitundika kifaa kwenye kulabu, tunakizamisha ndani ya tindikali ya moto, tunapitisha umeme. Umeme unakula vile vilima polepole, ukianzia na vilivyochomoza zaidi. Kwa dakika kumi au kumi na tano vipovu vinapanda, na wewe unasimama hapo hapo ukiangalia saa. Kisha unazima umeme, unatoa, unasuuza, unasuuza tena. Kifaa kinatoka laini hata tone la maji linakosa pa kushika. Mara ya kwanza nilipouona uso wangu ndani ya koki ya kiwanda cha maziwa nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Naipenda kazi hii, ingawa naiogopa kila siku.

Na ya kuogopa yako mengi. Usitoe kifaa kabla ya kuzima umeme, maana ile hewa inayopanda na vipovu hushika moto kwa cheche moja. Usiliache tangi peke yake likiwa kazini. Kubwa kuliko yote: tindikali ndiyo humiminwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye tindikali, kwani itaruka na kukufuata machoni. Bosi alituandikia sheria hiyo ukutani kwa rangi nyekundu. Lakini mvua ya Tukuyu haijasoma ukuta. Mvua ya huku hainyeshi kwa msimu, inanyesha inapojisikia, na paa letu lilikuwa linavuja.

Hilo paa inabidi nilieleze, maana ndilo lililotufikisha pale. Sehemu ya tangi imeezekwa chini kuliko jengo lingine, ni kama kibanda kilichoegemezwa ukutani. Nikisimama kwenye jukwaa la mbao kando ya tangi na kunyoosha mkono, nagusa papi, zile mbao zinazobeba bati. Mvuke wa tindikali ulikula misumari kwanza, kisha ukala bati zenyewe. Bosi akaziondoa zile za juu ya tangi, akaweka shiti mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, kwa kuwa plastiki haishiki kutu. Akili yake ilifaa kwa mwaka mmoja. Jua likaikausha, baridi ikaikakamaza, na mvua ikaiotesha ukungu wa kijani na mweusi, hata mtu akiwa juu asiweze kuitofautisha na bati kuukuu. Aliyekuwa chini ndiye aliyeweza, maana mwanga hafifu ulikuwa ukipenya. Na aliyekuwa chini kila siku ni mimi.

Sasa niseme habari ya mkwe wangu.

Nimeolewa Kyimo, ingawa mimi na mume wangu tunaishi hapa Tukuyu. Kwetu Wanyakyusa, kwa wale wanaoshika mila, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamsemeshi, jina lake halitaji. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite, na mzee naye anageuza uso. Wengi siku hizi wameacha. Unawakuta harusini wakicheza muziki na baba wakwe zao, wanapiga na picha. Baba mkwe wangu hakuacha, na kwa kuwa yeye hakuacha, mimi ningeanzia wapi? Kwa miaka kumi na moja nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mgongo wake, na kwa sauti yake ikitoka upande wa pili wa ukuta. Nilimwogopa kuliko radi. Lakini sitasema kwamba alinionea. Kila nilipojifungua alileta kuni zilizopasuliwa vizuri, akaziweka nyuma ya nyumba na kuondoka bila kupiga hodi. Na kwenye kila mavuno ulikuwepo mkungu mmoja uliotengwa, nao mama mkwe alikuwa akisema, "Huu amesema wa yule binti."

Alilima ndizi na chai, na zaidi ya hapo alikuwa fundi wa kuezeka. Ukipita Kyimo ukaona kanisa lenye bati zilizonyooka, uliza, utaambiwa ni yeye. Umri ulikuwa umekwenda, watoto walimkataza kupanda juu, na kila walipomkataza alikuwa anaenda kunoa patasi.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa safarini. Yeye ni dereva, anapeleka ndizi Dar es Salaam, na hurudi akiwa amejaa vumbi na hadithi. Nilifika karakana, nikaona ngazi ya mbao imeegemezwa ukutani kwa nje. Nikafurahi. Nikasema moyoni, bosi hatimaye amesikia, paa linatengenezwa. Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia huyo fundi: pale juu ya tangi ni plastiki, na zile papi hazina misumari, usipakanyage. Ni maneno machache tu, mtu angeyasema huku akifunga kanga.

Kisha nikasikia kikohozi.

Kikohozi kile ningekitambua katikati ya umati wa sokoni. Bosi alikuwa ameulizia duka la vifaa vya ujenzi ni nani fundi mzuri wa paa, akaelekezwa mzee wa Kyimo. Yeye mtu wa Tanga angejuaje? Nilisikia hatua zikija mlangoni, nikaingia stoo ya dawa na kujibana kati ya madumu. Nilisikia bosi akimwonyesha kazi. Alimwonyesha panapovuja, akamwambia aanzie upande wa barabarani. Habari ya plastiki hakuigusa. Labda alisahau, labda alidhani fundi mwenyewe ataona. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa mbao, hatua nne kutoka kwao, maneno yamenijaa mdomoni, na sikuyatoa.

Mzee alipotoka kwenda kwenye ngazi, bosi akaja stoo.

"Dada, unajificha nini humu?"

"Bosi, naomba leo nirudi nyumbani."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi vaa. Koki za watu wa parachichi gari linazifuata mchana huu."

Ningemweleza hapo hapo. Nilishindwa kwa aibu. Aliwahi kuniona nikiinama njiani kumpisha mama mkwe, akanitania wiki nzima, kila anikutapo naye anainama. Watu wa pwani hawajui utani unapokoma. Nikafikiri, nikimwambia kwamba yule mzee aliye juu ya paa hatakiwi kuniona, atacheka mpaka mzee asikie. Kwa hiyo nikanyamaza, na nikasahau kabisa, narudia, kabisa, kumwambia hata yeye bosi kwamba plastiki ile haimbebi mtu. Hofu ya kuonekana ilikuwa imeifukuza hofu nyingine yote. Ndilo kosa langu, na wala silitafutii mto wa kulalia.

Nikavaa. Aproni ya mpira mpaka miguuni, buti, glavu zinazofika kwenye viwiko, na ngao ya plastiki mbele ya uso. Nilipoishusha ile ngao nilipumua kidogo. Nikajiambia, humu ndani hata mume wangu hanijui.

Nilitundika koki sita, nikazizamisha. Bosi akawasha umeme, akabaki kwenye mashine yake kule ukutani, feni ya kuvuta mvuke ikinguruma pembeni yake. Vipovu vikaanza. Juu yangu, mbali, nyundo ya mzee ilikuwa inalia ko, ko, ko, kwa mpangilio, kama mtu asiye na haraka na dunia. Kila baada ya muda inanyamaza, nasikia mguu peku ukitambaa kwenye bati, kisha inaanza tena, karibu zaidi. Nilikuwa nahesabu papi alizozipita.

Joto la tangi na joto la woga vilinizidi. Jasho likaingia machoni, sikuona tena vipovu. Nikapandisha ngao nijifute kwa bega, kosa lingine. Juu pakawa kimya.

Niliinua macho. Kwenye bati la chuma la pembeni, kabla ya plastiki, palikuwa na tundu kubwa la kutu, na mwanga wa tundu lile ulikuwa umezibwa. Halafu ukafunguka. Nikasikia mguu ukisogea haraka, si ule mwendo wake wa polepole. Na juu ya kichwa changu, kwenye plastiki yenye ukungu, nikaona unyayo.

Nauona mpaka leo. Kisigino, kisha vidole vitano vimetanuka, kivuli cheusi kwenye mwanga wa kijani. Plastiki ikainama chini yake kama tumbo. Papi ikalia kwa sauti ndogo.

Nilijua kila kitu kwa mara moja. Nilijua papi haina msumari, nilijua tangi liko wazi, nilijua nyuzijoto ngapi zimo mle ndani. Kinywa kilikuwa wazi na sauti haikutoka. Ningemwitaje? Jina silitaji. Hata kumwita tata, yaani baba, sijawahi. Nikageuka kumtafuta bosi aseme kwa niaba yangu, bosi alikuwa ameinamia mashine, feni inanguruma. Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Mtu akiniuliza nasema ni kufumba na kufumbua. Ninapolala peke yangu muda huo unarefuka.

"Tata!" nikapiga kelele. "Tata, rudi!"

Plastiki ilipasuka pamoja na neno langu. Mguu mmoja ukapita, kisha wa pili, kisha kiuno, na vipande vikaanguka ndani ya tangi. Tindikali ikaruka. Mzee alikuwa amekwama kwenye makwapa, mikono yake imeshika papi mbili, na moja ya papi zile ilikuwa inateremka. Miguu yake mitupu, suruali imekunjwa mpaka magotini, ilikuwa inarusha mateke juu ya tangi, na kila teke lilikuwa linashuka zaidi.

"Bosi, zima! Zima!"

Sikumbuki kunyoosha mikono. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshika kifundo cha mguu wake wa kulia, nauvuta kwangu, kutoka juu ya tangi kuja upande wa jukwaa. Mguu ulikataa. Mzee alikuwa anauvuta kurudi. Nilidhani ni hofu, nikamkaripia, Mungu anisamehe, nikamkaripia baba wa mume wangu kama mtoto aliyekataa kuoga: "Acha kurusha! Weka hapa! Kanyaga bega!" Nikaweka unyayo wake kwenye bega langu la kushoto. Nikautafuta wa pili, nikauweka kwenye bega la kulia. Uzito wake ukashuka juu yangu, na mbao za jukwaa zikalia.

Hapo ndipo niliposikia sauti yake. Alikuwa anaguna, meno yameumana. Nikatazama mkono wangu uliokishika kifundo. Glavu ilikuwa imelowa. Dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimetundika koki kwa glavu zile zile, na sasa tindikali ya moto iliyoruka ilikuwa imezilowesha upya. Nilikuwa nimemshika mzee kwa tindikali, na ndiyo sababu alikuwa anauvuta mguu.

Nikimwachia anaanguka tangini. Nikimshika naendelea kumchoma. Sijawahi kuogopa namna ile, na naomba nisiogope hivyo tena. Nilikaza mkono. Nililia kwa sauti, na nilikaza mkono.

Bosi alizima umeme, akasukuma kifuniko juu ya tangi, akapanda juu yake kwa buti zake, akamkumbatia mzee kiunoni. Papi ikaachia wakati huo huo. Walianguka wote wawili kwenye jukwaa, juu yangu, na sote tulikuwa upande wa mbao.

"Maji," nilisema. Hilo nililijua. Nikavua glavu, nikavuta bomba la kusuuzia, nikaushika ule mguu na kuumwagia maji. Bosi alitaka kukimbilia gari, nikamwambia bado, kwanza dakika ishirini za maji, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Akawa anaangalia saa ya simu. Mzee alikuwa amekaa sakafuni, kofia yake ameiweka usoni na kuishikilia kwa mikono yote miwili ili asinione. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, uso nimeugeuzia ukutani, namwosha mguu kwa kupapasa. Bosi alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nyie mna nini?" akauliza.

"Ni baba wa mume wangu."

Aliangalia tena saa ya simu. Baadaye akasema, "Sasa mbona hukusema?" Hakucheka, na ningetamani acheke.

Alimpeleka hospitali Igogwe kwa gari lake. Mimi nilibaki. Niliokota vipande vya plastiki, nikatoa zile koki, zilikuwa zimeharibika, nikaketi stoo. Jioni niligundua kwamba shavu langu lilikuwa na vidonda vitatu vidogo. Sikuwa nimesikia maumivu yake.

Wiki tatu zilizofuata niliishi kama mtu anayesubiri polisi. Mama mkwe alipiga simu siku ya pili. Alisema mzee ameruhusiwa, mifupa ni mizima, lakini kifundo kimeungua, na kidonda kina umbo la vidole. Alivitaja vyote vitano, kimoja kimoja, akaaga. Mume wangu alirudi, akaenda Kyimo, akarudi tena.

"Baba amesema nini?" nikamuuliza.

"Hajasema kitu."

"Hata kidogo?"

"Kauliza bei ya ndizi Dar."

Kwetu baba mkwe akikusema, una nafuu. Anaponyamaza ndipo unapojua jambo linapikwa. Nilikuwa nimetazama mwili wake, nimemsemesha, nimemkaripia, nimebeba miguu yake mabegani, nimemwosha. Wazee wanasema mambo kama hayo humrudia mtu kwa ugonjwa. Mtoto wangu mdogo alipata homa wiki ile, nikaamini. Ilikuwa malaria ya kawaida na ilipona kwa dawa, lakini siku tatu zile sikula. Na chini ya hofu zote hizo palikuwa na moja niliyokuwa siigusi. Je, kelele zangu ndizo zilizomshtua akakanyaga vibaya? Au ningepiga kelele mapema, nilipouona unyayo, angekuwa mzima? Yote mawili yalikuwa na mimi ndani yake.

Jumamosi moja niliitwa. Nilifunga kitenge vizuri, nikabeba sukari na sabuni, nikafika Kyimo mchana. Wamejenga jikoni karibu na nyumba, kiasi kwamba aliyekaa kwenye mlango wa jikoni anaweza kuongea na aliyeko sebuleni bila kuinua sauti. Nikakaa jikoni, nyuma ya ukuta. Mzee alikuwa sebuleni, mlango wazi. Mama mkwe akaweka kigoda chake katikati, uani, kama mkalimani wa mkutano wa injili.

"Mwulize kama kasafiri salama," ilisema sauti ya mzee.

"Anauliza kama umesafiri salama," alisema mama mkwe, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie salama. Mwambie shikamoo."

"Anasema salama. Anasema shikamoo."

Tuliendelea hivyo kwa watoto, kwa mvua, kwa chai iliyopata ugonjwa. Siku nyingine ningecheka. Siku ile mikono yangu ilikuwa baridi kama chuma kilichosuuzwa. Kisha mzee akakohoa.

"Mwulize, siku ile aliniona lini?"

Mama mkwe hakurudia swali. Nilitazama majivu ya jikoni. Ningeweza kusema nilimwona alipoanguka. Nani angenipinga? Nilikuwa peke yangu chini ya plastiki ile.

"Mwambie," nikasema, "niliujua ubovu wa pale tangu asubuhi, na sikusema. Niliona kivuli cha unyayo wake kabla haijavunjika. Nikanyamaza. Niliogopa kumwita."

Mama mkwe aligeukia mlango wa sebuleni, akanigeukia mimi, akatazama chini. Maneno yale alikataa kuyabeba. Kuku walipita uani wakidonoa, na hakuna aliyewafukuza. Nilijiandaa kunyanyuka niondoke kabla ya kufukuzwa.

"Na mimi nilikuona."

Hakusema "mwambie". Alisema na mimi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa kwenye bati zima, penye papi nzuri. Nikachungulia kwenye tundu, nikaona uso wako, umeinua kile kitu cha usoni. Nikasema, siwezi kusimama hapa juu ya mke wa mwanangu namtazama. Nikahama haraka, nimegeuza macho. Sikuangalia ninapokanyaga. Miaka arobaini naezeka, binti, sijawahi kukanyaga bila kuangalia."

Nilishika ukuta. Nilikuwa nimejiuliza maswali mengi kwa wiki tatu, na hilo silo mojawapo. Kumbe hata kama nisingefumbua mdomo, uso wangu peke yake ulikuwa umetosha.

"Nisamehe, baba," nikasema.

"Wewe ndiye uliyenishika." Akakohoa. "Ulinichoma, lakini ulinishika."

Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya ndizi, "Njoo ufunge hii bandeji. Mama yako anailegeza kila siku."

"Hivyo tu?" mama mkwe akasimama, kigoda kikaanguka. "Bila utaratibu? Bila hata kuku wa kuondoa mwiko?"

"Utaratibu ulipasuka na ile plastiki. Mwache aje."

Nilitoka jikoni, nikavuka ua. Nilisimama mlangoni nisiweze kuingia, miguu imekataa, mpaka mama mkwe aliponisukuma mgongoni. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu ameunyoosha juu ya stuli. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyodhani. Nikapiga magoti, nikaifungua bandeji. Vidole vyangu vitano vilikuwa pale, vyekundu, cha gumba upande mmoja na vinne upande wa pili. Nikaanza kufunga upya kwa mikono mitupu, polepole, nikiogopa kumuumiza.

"Unatetemeka," alisema.

"Naogopa, baba."

"Hata mimi," akasema, na mguu hakuuvuta.